Aliyechukua Akili ya Zione

Kijiji cha Chimkoka, Dedza
6 Desemba 1998

Kaka Jailosi,

Pokea salamu zetu. Sisi huku wazima. Mguu wa Mama umepoa tangu aanze kuukanda kwa maji ya chumvi, ila ukimuuliza atakwambia bado, ili asirudishwe shamba. Mvua imeanza vizuri na mahindi yameshachipua. Padri mpya amefika, Kichewa chake kinachekesha watoto kanisani, lakini nsima anaila kwa mkono kama sisi. Mume wangu Andiseni anakusalimu. Kazi yake ya kutengeneza baiskeli inamwendea vizuri. Siku za soko foleni inafika kisimani.

Neno lenyewe ni la mpwa wako Zione. Matokeo yametoka na amebaki darasa la tatu, kwa mara ya pili. Kusoma anawapita wote. Jumapili padri humpa somo, naye husoma bila kukwama, wazee wakatikisa vichwa. Lakini hesabu haimo, kaka. Ukimtuma sahani za wageni analeta pungufu. Ukimrudisha, analeta za kulisha kijiji kizima. Mwalimu wake ana zaidi ya watoto mia darasani, na dawa anayoijua ni fimbo.

Sasa amekuja mwalimu mwingine, Bi Kaphuka, anazunguka shule za huku kuwatazama watoto wanaokwama. Anataka kumpima Zione. Ila kijiji cha jirani alimpima mtoto bila mjomba wake kuambiwa, pakazuka maneno mabaya, na tangu hapo hamgusi mtoto wa mtu mpaka mwini mbumba, mjomba mwenye ulezi wa dada zake na watoto wao, akubali. Kwetu mwini mbumba ni wewe. Tunangoja neno lako.

Dada yako,
Enelesi


Johannesburg
Wiki ya Krismasi

Dada yangu Enelesi, mboni ya jicho langu la kulia (la kushoto ni la Mama, msigombane),

Nawasalimu nyote kutoka mji wa dhahabu. Dhahabu yenyewe sijaiona, lakini nimepaka rangi nyumba ya mtu aliyeiona. Mimi mzima kama fahali wa maonyesho. Bosi wetu amesema mbele ya watu kwamba katika mafundi wake wote hakuna anayechanganya rangi kama Jailosi. Wenzangu wanapima kwa vikopo na kukunja nyuso. Mimi natazama tu. Juzi mama mmoja wa Kizungu alileta kipande cha pazia lake, akataka ukuta ufanane nacho. Nikakoroga, nikapaka, naye akaja akapapasa ukuta akitafuta pazia liko wapi. Mwambie Mama mwanawe amekuwa mtu mkubwa, ila asimwambie mwenye duka, asije akampandishia bei ya chumvi.

Haya, tuje kwa Zione. Nilicheka kwanza, kisha nikaacha kucheka. Mtoto anayesoma Biblia kama padri hawezi kushindwa na sahani. Akili ni moja, haikatwi vipande kama mkate. Ukiona kipande hakipo, jua yupo anayekila. Mambo haya si mageni kwetu. Unamkumbuka yule mwenye mashine ya kusaga, aliyenunua ya pili mwaka ule ule mdogo wake alipoanza kuokota makaratasi barabarani. Mimi simtaji mtu. Nauliza tu: nani hapo nyumbani ambaye mambo yake yamemnyookea tangu mtoto aanze kurudi nyuma?

Na usije ukaniambia amezaliwa nayo. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushindwa na hesabu. Mimi mwenyewe shule niliiacha kwa sababu ilikuwa imenibana, kama kaptula ya mwaka jana.

Kwa hiyo huyo Bi Kaphuka akae angoje. Mama ampeleke mtoto kwa mganga kwanza. Hilo nimelisema kama mwini mbumba.

Nimemtumia Zione gauni la manjano, na Mama blanketi. Hiyo manjano nimeichagua kwa jicho langu mwenyewe, hamtaipata Lilongwe.

Kaka yako anayewapenda kuliko anavyojipenda, na anajipenda sana,
Jailosi


Chimkoka, Dedza
30 Januari 1999

Kaka Jailosi,

Salamu zetu zikufikie. Gauni limemkaa Zione vizuri, halivuliwi mpaka nimkimbize. Mama analilalia blanketi badala ya kujifunika, anasema ni zuri mno kuwekwa juu ambako linaonwa na panya. Anakuombea.

Alimpeleka mtoto kwa mganga kama ulivyoagiza. Mganga alikuwa na usingizi. Akamtazama Zione, akamtazama Mama, akasema anayekula akili ya mtoto huyu analala naye nyumba moja. Nyumba ile tunalala mimi, Zione na baba yake. Andiseni alipoambiwa alicheka, akasema basi atakuwa yule jogoo. Kesho yake hakucheka tena, kwa sababu mteja alikuja kuchukua baiskeli yake kabla haijakwisha, akaondoka akiikokota.

Kaka, Andiseni alihamia kwetu kama desturi inavyotaka. Amejenga kwenye ardhi ya Mama na analima shamba ambalo halitakuwa lake. Wateja wameongezeka kwa kuwa barabara imetiwa lami na watu wananunua baiskeli. Ni hilo tu.

Umeandika kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushindwa na hesabu. Nimeusoma mstari huo nikaurudia. Kisha nikaikunja barua.

Bi Kaphuka amerudi shuleni. Nakuomba tena idhini.

Dada yako,
Enelesi


Chimkoka, Dedza
20 Februari 1999

Kaka Jailosi,

Salamu zetu na za Mama. Yule mbuzi mwekundu amezaa, mama na mtoto wazima.

Hujanijibu, na mtoto anakua. Nimemruhusu Bi Kaphuka bila wewe. Ukitaka kunigombeza utanigombeza, lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Kwanza alitupeleka hospitali ya misheni, Zione akapimwa macho na masikio. Yako sawa. Akatuuliza kama aliwahi kupata malaria ya kupanda kichwani, kama analala njaa, kama anakosa shule siku nyingi. Hapana, hapana, hapana. Ndipo akakaa naye chini darasani, watoto wengine walipokwisha kwenda nyumbani, mimi na Andiseni tukitazama.

Akamwagia karanga mafungu mawili, akamuuliza lipi kubwa, bila kuhesabu. Mtoto mdogo angeona. Zione alianza kuzigusa kwa kidole moja moja, akapotea, akaanza upya. Akamuuliza nne na tatu. Zione akavificha vidole chini ya dawati, akahesabu tangu moja, akapata. Mwalimu akamuuliza papo hapo tena nne na tatu, akaanza tena tangu moja kana kwamba hajawahi kuulizwa. Akamchorea mstari kwenye sakafu ya udongo, huku mwanzo sifuri na kule mwisho mia, akamwambia aweke jiwe pale inapokaa hamsini. Zione akazunguka ule mstari muda mrefu. Akaliweka karibu kabisa na mia, akatutazama nyuso zetu ili ajue amekosa au amepata. Andiseni akatoka nje.

Bi Kaphuka anasema si uvivu wala si ujinga. Katika kila shule wapo watoto wachache ambao namba haziwashiki, hata wawe werevu kwa mengine yote. Kuna jina lake la Kizungu, nililipoteza kabla sijafika nyumbani. Mtoto wa namna hiyo hufundishwa polepole, kwa mawe na vijiti, wala hachapwi, maana fimbo inafukuza hata kile kidogo alichoshika. Atamtazama tena muhula ujao kabla ya kusema neno la mwisho.

Akauliza pia kama upande wangu au wa Andiseni yuko mtu mzima wa namna hiyo. Mtu anayechanganya namba za nyumba, anayeikwepa saa, anayependa wengine wampimie. Anasema mara nyingi jambo hili hutembea na damu. Andiseni alifikiri sana, akasema kwao hamjui. Nami nikasema kwetu simjui.

Ndivyo nilivyosema, kaka.

Posta ni kobe, kwa hiyo barua hii nampa Somba, dereva wa basi linalokuja Joni, huko kwako.

Dada yako,
Enelesi


Johannesburg
Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Dada yangu Enelesi,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa mpwa wangu. Sijapata kitu kutoka kwako tangu ile barua ya habari za mganga. Mimi mzima. Tunapaka shule moja ya watoto wa matajiri. Hata choo chao kina rangi ambayo kwetu angewekewa askofu.

Niliwasimulia Wamalawi wenzangu maneno ya mganga, pale tunapokutana Jumamosi. Wote wakasema lile lile, hata yule wa Mangochi ambaye haamini kwamba mvua inanyesha mpaka alowe. Wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Jailosi, mpwa wako analiwa na wewe uko huku unatandaza rangi. Wewe ni mwini mbumba au ni brashi?"

Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Enelesi, sehemu hii msomee Mama kwa sauti. Mama, mkwe huyo aondoke. Amekuja kwetu na pampu mkononi, sasa ana foleni mpaka kisimani, na mtoto wetu hajui sahani. Wekeni blanketi lake na vyombo vyake nje kabla ya Pasaka. Arudi kwao Salima akale samaki. Akiulizwa na mwenyekijiji, mwambieni ni neno la Jailosi. Baiskeli aende nayo. Akili ya mtoto aiache.

Usilie, dada. Waume wapo wengi, na mimi nitawatunza. Nimewahi kukuangusha lini?

Kaka yako,
Jailosi


Chimkoka, Dedza
27 Machi 1999

Kaka Jailosi,

Tumepata barua yako. Mama hajambo. Mvua zinakatika.

Limefanyika. Mama aliweka vitu nje asubuhi, watu wakienda shamba, ili waone. Andiseni hakubishana. Alimalizia kuziba tairi la baiskeli ya katekista, akaiegemeza ukutani, akakunja blanketi. Alitaka kumwachia Zione pampu ndogo ambayo mtoto huichezea. Mama akaipokea yeye kwa kitambaa, akaitupa majanini, kwa kuogopa dawa. Andiseni akaenda akaiokota. Akaniambia, "Mama Zione, wewe unaniona vipi?" Nikatazama chini. Akaondoka.

Zione alimuuliza bibi yake, "Nikijua hesabu, baba atarudi?" Mama akamwambia ndiyo, kwa kumtuliza. Tangu siku hiyo mtoto anabeba mawe mfukoni mwa lile gauni ulilomtumia, mpaka mfuko umechanika. Anayapanga, anayakosea, anayapanga. Amemwambia Bi Kaphuka afanye haraka.

Nilikuandikia Februari nikampa Somba. Je, ulipata?

Enelesi


Johannesburg
Wiki baada ya Pasaka

Dada yangu,

Kristo amefufuka. Nasalimu wote.

Somba alikwama mpakani kwa ajili ya vitambaa alivyovificha chini ya viti, basi likazuiwa, na barua yako nayo ikazuiwa. Imenifikia siku moja na ile ya Machi. Nimezisoma kwa mpangilio mbaya, ya Machi kwanza.

Huyo mwalimu ni msomi, sikatai, lakini wasomi nao hukosea. Mimi nawajua, nimewapakia nyumba. Hata hivyo nimeona tusikuze mambo. Mwambieni Andiseni arudi, yamekwisha. Nimempa Somba viatu vya Andiseni, redio ya Mama, kitambaa chako, na kwa Zione kalamu za rangi, sanduku zima, hata mimi sijui rangi nyingine zinaitwaje. Mwambie aache mawe, achore.

Ningeandika zaidi ila nina kazi ukutani.

Jailosi


Chimkoka, Dedza
9 Mei 1999

Kaka Jailosi,

Salamu. Mama anasikiliza redio. Viatu vipo chini ya kitanda, hakuna wa kuvivaa. Kalamu hazijafunguliwa.

Unajua vizuri kwamba mkwe aliyetolewa nje mchana haitwi kwa dereva wa basi. Aliyemtoa huenda mwenyewe kwa watu wake, akakaa chini vumbini mpaka aambiwe ainuke. Hukufundishwa hivyo na mjomba wetu?

Zione ameacha shule. Sikumwachisha mimi. Asubuhi anavaa, anatoka na wenzake, na akifika kwenye daraja anakaa chini yake mpaka wanaporudi. Nimemfuata nikamwona. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hesabu zimekataa, mama. Baba hawezi kurudi kwa ajili yangu." Bi Kaphuka anakuja nyumbani kumbembeleza. Anasema akizoea kukaa nje mpaka likizo kubwa, hatarudi tena darasani, amewaona wengi.

Kaka, sasa nitaandika ambalo sijawahi kulisema. Ulipokuwa darasa la tatu, mimi mdogo wako nilikuwa nakufanyia hesabu zako nyuma ya zizi. Ulipokwenda Joni, wote walisema ana roho kubwa yule. Mimi nilijua unakimbia nini. Bi Kaphuka aliponiuliza nilikuona wewe mbele yangu, nikasema hayupo, kwa kuwa mwini mbumba hasemwi. Andiseni aliponiuliza namwona vipi, nilikuona wewe tena. Nimemtoa mume wangu ili nikufiche.

Sikulaumu peke yako. Ila mimi siwezi kusema kwa niaba yako. Mtoto hataniamini mimi, wala kijiji.

Enelesi


Salima
Siku ya soko la samaki, baridi imeanza

Dada yangu Enelesi,

Usishtuke kuona Salima juu ya barua. Niko kwa dada yake Andiseni, na barua hii utaletewa na mchuuzi wa samaki kabla sijafika. Nasalimu Mama na Zione. Bosi nimemwambia nimefiwa. Akaniuliza na nani, nikakosa jina.

Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa juu ya ngazi. Nilishuka nikakaa juu ya ndoo ya rangi, na ndoo ilikuwa wazi. Siku nyingine ningekusimulia hadithi ile ukavunjika mbavu.

Ni kweli yote. Shule haikunibana, dada. Kule Joni najua nyumba kwa rangi zake, na akija mtu akaipaka upya, nimepotea. Saa ninayo mkononi, ya kung'aa, kila mtu anaisifu. Akiniuliza saa ngapi namnyooshea mkono ajisomee, nikijifanya nina maringo. Na kule kutazama tu nisipime kwa vikopo, nilikokuwa najisifia, ni kwa sababu vile vikopo nikifika cha tatu sijui nilianza na ngapi. Watu wanacheka na mimi, basi hawatazami. Nimekuwa mchekeshaji kwa ajili hiyo.

Hata huku nilipanda basi lisilo lenyewe. Pale stendi ya Lilongwe namba imeandikwa kubwa mbele ya kila basi. Nikaona aibu kuuliza, na kiatu changu hiki cha ngozi. Nikashuka Nkhotakota, kwenye baridi ya ziwa, kuku wa kuombea msamaha kwapani. Nikarudi nyuma na lori la mihogo. Nilipofika hapa kuku alikuwa ameshachoka kuliko mimi.

Nikakaa vumbini uani kama mjomba alivyotufundisha. Andiseni alikuwa anazungusha gurudumu. Hakuniambia niinuke. Akauliza, "Shemeji, kutoka Lilongwe kuja huku basi ni moja. Umetokea upande wa Nkhotakota na lori la mihogo kufanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba, dada, yenye methali. Ikanitoka yote. Nikamwambia namba ya basi haikuniambia kitu, wala haijawahi kuniambia kitu, na Zione amelitoa hilo kwangu.

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akaniuliza, "Ulipoandika nitolewe, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua, nikawa sitaki kujua."

Akalizungusha tena gurudumu mpaka dada yake akatoka kututazama. Ndipo akasema, "Mimi nilianza kuamini, shemeji. Nikilala hapa nilikuwa najiuliza, labda kweli namla mwanangu na sijijui. Nimeacha kumwombea, nikiogopa nikimtaja namwongezea."

Enelesi, mimi nimetukanwa kwa lugha nyingi za duniani, na karibu zote nimejibu. Nililia mbele ya kuku.

Baadaye aliniambia niinuke. Tulikula nsima na usipa, wale dagaa wa ziwani, akaniuliza habari za Mama, kwa heshima, kana kwamba Mama hakumtoa. Amesema atakuja kwa ajili ya mtoto, ila kwa sharti. Nikae mbele ya mbumba yetu, ukoo wote, mwenyekijiji akiwepo na Zione akiwepo, niseme kwa kinywa changu yaliyo kichwani mwangu. Nisipeleke barua, wala nisitie utani. Nilimwomba Zione asiwepo. Akasema, "Huyo ndiye hasa wa kuambiwa."

Tutafika Jumamosi. Mwambie Bi Kaphuka aje, kama hataona vibaya kunipima na mimi. Na msomaji wa namba za mabasi safari hii ni Andiseni.

Kaka yako,
Jailosi


Chimkoka, Dedza
18 Julai 1999

Kaka Jailosi,

Natumai ulifika salama, na kwamba bosi amekupokea na marehemu wako. Huku baridi ni kali, Mama anajifunika blanketi sasa.

Tangu siku ile uliposema mbele ya mbumba, Mama hukaa peke yake jikoni. Juzi akaniambia, akimenya maboga, "Kaka yako alipokuwa mdogo alikuwa akinirudishia mbuzi kwa kuwaita majina, mmoja mmoja. Nilidhani anawapenda." Kisha akaenda akamwita Andiseni kwa jina, akamwomba aangalie redio yake. Redio haikuwa na ubovu. Andiseni aliifungua na kuifunga.

Analala nyumbani. Anakula, anatengeneza paa, anasema na mimi maneno ya lazima. Baiskeli hazijarudi. Watu waliokaa pale wakakusikia wakasema umesema vizuri, lakini tairi likitoboka wanaikokota baiskeli mpaka mji wa pili. Maneno yako yalitosha kumtoa mtu, kaka. Hayajatosha kumrudishia wateja. Nakuandikia hili ili ulijue, si kwa kukuchoma.

Nami yangu sijamwambia Andiseni, kwamba nilijua. Kila nikitenga chakula nafungua mdomo, nasema karibu.

Bi Kaphuka ametoa neno lake la mwisho: ni lile lile la Februari. Mwalimu mkuu amekubali Zione asichapwe, akae mbele na mawe yake, na Bi Kaphuka atakuja kumfundisha kila anapozunguka upande huu. Zione amerudi darasani. Wiki ya kwanza nilimfuata mpaka darajani. Alilitazama, akapita. Namba bado zinamkimbia, na Bi Kaphuka anasema baadhi zitamkimbia mpaka uzeeni. Lakini saba na tatu anaijua sasa bila vidole. Aliitamka mbele ya baba yake, baba yake akageukia ukutani.

Ana swali kwako. Nilimwambia aliandike mwenyewe, akasema kalamu zile ni za kuchora. Anauliza hivi: ulipokuwa darasa la tatu, mwalimu akipita kuuliza mmoja mmoja, ulikuwa unalia kabla hajakufikia, au baada?

Mimi sikuwepo darasani mwako. Mjibu wewe.

Dada yako,
Enelesi


Johannesburg
Upepo wa Agosti

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Andiseni mwambie, leo, kabla hujatenga chakula. Usingoje mpaka ulazimike kupanda basi. Mimi nitakuja Krismasi na baiskeli mbili mbovu, nizikokote katikati ya kijiji mchana kweupe mpaka kwake, na nitafanya hivyo kila mwaka mpaka waone haya.

Hii chini ni ya Zione, asome mwenyewe.

Mpwa wangu,

Kabla. Mwalimu akiwa bado safu ya mbele na mimi nimekaa ya nyuma kabisa, machozi yalikuwa yameshafika. Niliwaambia wenzangu ni vumbi la chaki, wakaniamini, na nikaendelea kuwaambia hivyo mpaka nimekuwa mzee. Wewe usimwambie mtu ni vumbi.

Mjomba wako,
Jailosi